Injini Kubwa Katika Gari la Urithi

Barua iliyo mbele yetu juma hili imetoka Lilongwe, nchini Malawi. Mwandishi wake ni mama aliyezaliwa Ujiji akaolewa huko na askari polisi ambaye sasa amestaafu. Anaeleza kwamba mumewe amerithi kwa marehemu baba yake gari aina ya Chevrolet la mwaka 1965, lenye injini ya silinda sita. Gari ni zima, bodi yake haijaoza, na watoto hulipenda kuliko kitu chochote kilicho uani. Sasa bwana anataka kuitoa injini ile na kuweka kubwa zaidi, yenye silinda nane zilizopangwa kwa umbo la V, na fedha atakazotumia ni sehemu ya kiinua mgongo chake. Fundi amekwisha kupatikana: ni Mkongo wa makamo kutoka kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, ambaye ufundi wake aliupatia Bukavu. Mama anauliza kama jambo hili ni la salama, kama halitaimaliza akiba ya nyumba, na kama ni busara kumkabidhi gari la familia mtu wa kambini.

Tunamshukuru kwa kuuliza kabla fedha haijatoka. Barua nyingi za namna hii hutufikia wakati gari limekwisha kupandishwa juu ya mawe, injini iko sebuleni, na bwana hasemezani na fundi.

Kwanza tumwondolee bwana lawama, maana hamu yake si upuuzi. Magari ya Marekani ya miaka ile yalitengenezwa kwa mpango ambao sisi tuliozoea magari ya Kiingereza na ya Kijapani hatuujui sana. Bodi moja na chesisi moja viliuzwa pamoja na injini za aina mbalimbali, na mnunuzi akachagua kwa kadiri ya mfuko wake. Mwenye kipato cha wastani alichukua silinda sita. Mwenye nacho alichukua silinda nane. Injini ya V ya Chevrolet, ile ya umbo dogo ambayo mafundi wa dunia nzima huijua, ilitoka mara ya kwanza katika magari ya mwaka 1955, ikiwa na ujazo wa inchi 265. Ikakuzwa hatua kwa hatua, ikawa 283, kisha 327, hata katika magari ya mwaka 1967 ikafikia inchi 350, yaani lita 5.7. Kwa nje umbo lake halikubadilika sana.

Injini ya mama yetu, kwa maelezo aliyotuletea, ni ile ya inchi 230, yaani lita 3.8. Walioiunda waliifanya nyuma yake ifungamane na nyumba ya klachi ileile inayopokea injini ya V. Matundu ya boliti ni yaleyale. Kwa hiyo fundi anayesema, “Itaingia bila taabu,” hasemi uongo. Itaingia. Chesisi ina nafasi, na kiwandani kwenyewe magari ndugu ya hilo yalitoka yakiwa na injini ya V chini ya boneti.

Hatari imejificha hapohapo. Kazi inapokuwa nyepesi mwanzoni, mtu hudhani imekwisha, kumbe alichofanya ni kufunga boliti sita. Injini mpya huzidi ile ya zamani kwa uzito wa kilo sitini hivi, na uzito huo wote hukaa juu ya magurudumu ya mbele, ambayo springi zake zilipimwa kwa mzigo mwingine. Rejeta iliyopoza lita 3.8 haitapoza lita 5.7 katika foleni ya mwezi wa Oktoba. Mabomba ya moshi huwa mawili mahali pa moja, na moja kati yake hupita jirani na stelingi. Gia boksi iliyokusudiwa mvuto mdogo itavumilia kwa muda, kisha siku moja itanyoa meno yake kilimani. Kiwandani, gari lililotoka na V lilipewa vitu vyote hivyo vya kulilingana. Hakuna aliyebadili injini peke yake.

Aidha bwana aangalie mwaka wa injini anayoinunua. Magari ya General Motors na ya Ford yalikuwa yakiunganishwa Port Elizabeth, Afrika Kusini, tangu miaka ya 1920, mji ambao tangu 2021 huitwa Gqeberha, na Malawi ilinunua vingi kutoka upande huo. Si ajabu, basi, injini ya 350 kuonekana katika mabaki ya magari ya huko. Lakini Chevrolet walibadili sili ya mafuta iliyo nyuma ya krenki mwaka 1986, na flaiwili ya injini za kabla ya hapo haikai juu ya krenki za baada yake. Mtu hununua injini nzuri, akairudisha nyumbani kwa gharama, akakuta boliti za flaiwili hazikutani. Tarakimu zilizosubiwa katika chuma cha bloku, kwa nyuma, humwambia fundi mwaka na ukubwa wa injini. Zisomwe kabla ya kulipa, na zisomwe na yule atakayeifunga, si na yule anayeiuza.

Vilevile asidanganyike na nguvu za farasi. Kabla ya mwaka 1972 watengenezaji wa Marekani waliipima injini ikiwa juu ya kiunzi, imevuliwa vitu vyote vinavyoipunguzia nguvu; tangu mwaka huo wakaanza kutangaza nguvu ya injini iliyovaa kila kitu kama ilivyo ndani ya gari. Silinda sita ya 230 ilitangazwa kuwa na nguvu za farasi 140 kwa kipimo cha zamani. Injini ya 350 ya mwaka 1975, yenye kabureta ya matundu mawili, ilitangazwa kuwa na 145 kwa kipimo kipya. Mtu asiyejua tofauti ya vipimo hivyo aweza kukataa injini njema au kulipia ndoto. Na Lilongwe iko mita 1,050 hivi juu ya usawa wa bahari, ambako wembamba wa hewa huipunguzia injini ya kabureta karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu yake, iwe ya Marekani au ya Japani.

Wasomaji wetu walio jeshini na katika polisi wana mfano wao wenyewe wa jambo hili, nao ni Land Rover. Injini ya V ya lita 3.5 iliyowekwa katika Range Rover mwaka 1970 ilizaliwa Marekani. Buick waliitumia katika magari yao ya mwaka 1961 hadi 1963, wakaiacha, na Rover wa Uingereza wakanunua haki ya kuitengeneza mwaka 1965. Mwaka 1979 injini hiyohiyo iliingizwa katika Land Rover ndefu ya kazi, ile ambayo madereva wengi wa vikosi waliipenda kwa sauti yake. Lakini tazameni walivyofanya. Katika Range Rover injini ile ilitoa nguvu za farasi takriban 130. Katika Land Rover ya kazi waliibana ikatoa 91 tu. Kampuni iliyounda gari na injini vyote viwili, yenye wahandisi na viwanja vya majaribio, iliona heri kuipunguza nguvu kuliko kuikabidhi yote kwa gari lenye breki za ngoma. Sijui kwa nini mtu afanyaye kazi uani kwa spana za kuazima ajione hana haja ya tahadhari hiyo.

Tufike basi kwenye breki, maana hapa ndipo penye uhai wa watu. Chevrolet ya 1965 ina breki za ngoma katika magurudumu yote manne, na masta silinda yake ina chumba kimoja tu. Maana yake ni kwamba bomba moja likitoboka, au mpira mmoja ukichanika katika gurudumu lolote, mafuta yote humwagika na dereva hubaki na pedali inayozama hadi sakafuni. Chevrolet wenyewe waliweka masta silinda ya vyumba viwili katika magari yao ya 1967, ili upande mmoja ukifa mwingine usimamishe gari. Kifaa hicho hakina ukubwa wa kutisha, na fundi mwenye akili hukifunga kwa siku moja au mbili pamoja na mabomba yake. Breki za diski kwa magurudumu ya mbele ni kazi kubwa zaidi, lakini gari lenye V haliachi kuzidai.

Wapo watakaosema: nitaendesha polepole. Hawatafanya hivyo. Mwendo ukiongezeka maradufu, nguvu ambayo breki zinapaswa kuimeza huwa mara nne. Gari linalosimama kwa mita 20 kutoka mwendo wa kilomita 60 kwa saa juu ya lami kavu, litahitaji mita 80 likitoka 120, na hapo hatujahesabu umbali unaopita kabla ya mguu kufika kwenye pedali. Breki za ngoma zikikanyagwa mara mbili tatu kwa mfululizo kutoka mwendo huo hupata moto na kuteleza. Barabara kuu iendayo kaskazini kutoka Lilongwe hupita Kanengo kwenye viwanda, ikapita Lumbadzi karibu na uwanja wa ndege, na mtu aijuaye anajua kwamba juu yake wamo wenye malori, wapanda baiskeli waliobeba magunia ya mkaa, na watoto wa shule wanaovuka pasipo kutazama. Mita 60 za nyongeza si hesabu ya daftari katika barabara ya namna hiyo.

Kwa hiyo mama, jibu la swali lako la usalama ni hili: mwombe bwana aanze na breki, kabla hajanunua injini yoyote. Masta silinda ya vyumba viwili, mabomba mapya, mipira mipya, ngoma zilizochongwa upya au diski za mbele. Likiisha hilo gari liendeshwe miezi mitatu na injini yake ya sasa. Hata kama injini ya V haitakuja kamwe, fedha hiyo haikupotea.

Kuhusu mafuta kuna jambo la Malawi ambalo wenye magari ya zamani hawana budi kulijua. Nchi hiyo haina bandari, na mafuta yake hutoka Beira, Nacala na Dar es Salaam kwa safari ndefu. Kwa sababu hiyo tangu mwaka 1982 imekuwa ikichanganya petroli na spiriti itokanayo na miwa, kiwanda cha kwanza kikiwa Dwangwa, ufukoni mwa ziwa ambalo sisi huliita Nyasa. Ni mpango wa busara kwa uchumi wa nchi. Lakini mipira iliyotengenezwa mwaka 1965 haikuijua spiriti. Hulainika, huvimba na kupasuka, na petroli ikadondoka juu ya bomba la moshi lenye moto. Mipira yote ya mafuta, utando wa pampu na gaskiti za kabureta vibadilishwe kwa vya kisasa, iwe injini ni ya zamani au mpya. Isitoshe, petroli yenye risasi iliondolewa katika nchi zetu kufikia 2006, na risasi ile ndiyo iliyokuwa ikilinda vikalio vya valvu za injini za miaka ya 1960. General Motors walianza kuzitayarisha injini zao kwa petroli isiyo na risasi katika magari ya mwaka 1971. Hii ni sababu moja njema ya kuchagua injini ya miaka ya sabini kuliko ya miaka ya sitini, hata kama ile ya sitini ina jina kubwa zaidi vijiweni.

Sasa fedha. Mama ametaka tumtajie kiasi, nasi hatutamtajia, kwa kuwa thamani ya kwacha ilipunguzwa kwa asilimia 44 katika Novemba 2023 na bei haijatulia tangu hapo. Tarakimu ya leo ingemhadaa kesho. Tutampa kanuni badala yake. Bei ya injini ikishajulikana, nyumba itenge kiasi kilekile kwa mara ya pili kwa ajili ya vitu visivyoonekana: rejeta, springi, maunti, mabomba ya moshi, klachi, nyaya, usafiri na ujira. Iwapo akiba haitoshi kwa mara ya pili, basi haitoshi kwa mara ya kwanza. Na breki hazimo katika hesabu hiyo; hizo zimekwisha kulipiwa.

Baada ya hapo huja gharama isiyokoma. Tuchukulie kwamba silinda sita hula lita 14 kwa kilomita 100, na V hula lita 20, makadirio ambayo hayamwonei mtu. Safari ya kutoka Lilongwe hadi Dzaleka na kurudi ni kilomita 90 hivi. Tofauti ni lita 5 na nusu kwa safari moja. Kwa bei ya Novemba 2023, iliyokuwa kwacha 2,530 kwa lita, hizo ni zaidi ya kwacha 13,000 zilizoteketea kwa ajili ya kusikia injini ikinguruma, na tangu hapo bei imepanda tena. Mwenye kumbukumbu ya foleni za vituo vya mafuta za 2022 na za 2024 atajua pia kwamba zipo siku ambazo fedha ipo na petroli haipo. Mzee aliyestaafu hupokea pensheni kwa mwezi, wala si kwa lita.

Tumebakiza fundi, na hapa tunaomba msomaji awe na subira, kwa maana jambo hili limesemwa vibaya na watu wengi.

Dzaleka iko katika wilaya ya Dowa. Zamani, wakati wa utawala wa Rais Kamuzu Banda, palikuwa gereza, na wenyeji husema jina lenyewe lina maana ya mtu anayeapa kwamba hatarudia tena. Mwaka 1994 mahali hapo pakafanywa kambi ya wakimbizi. Ilikusudiwa watu elfu kumi na kidogo; kufikia mwaka 2023 ilikuwa na zaidi ya 50,000, wengi wao wakiwa Wakongo, kisha Warundi na Wanyarwanda. Kiswahili ndicho kinachowaunganisha sokoni, msikitini, kanisani na katika uwanja wa mpira. Miongoni mwa watu hao wamo waliokuwa walimu, wauguzi, washonaji na mafundi wa magari kwao Kivu na Bujumbura. Mtu hapotezi maarifa ya mikono yake kwa kuvuka mpaka.

Fundi wa Bukavu ana faida moja ambayo pengine bwana hakuifikiria. Amekulia katika nchi ambayo barabara zake zimewafundisha mafundi kuunganisha chochote na chochote. Ana ugumu mmoja pia, nao ni wa lugha. Yeye huita injini moteri, na vipuri huviita piesi. Bwana atasema kwa Kichewa, mwana atasema kwa Kiingereza, na katikati ya maneno hayo matatu kipuri kisicho sahihi hununuliwa. Dawa yake ni daftari. Kila kitu kiandikwe kwa tarakimu zake na kichorwe, na pande zote mbili zitie sahihi. Mama, kwa kuwa wewe ndiwe mwenye Kiswahili nyumbani, daftari hilo likae kwako.

Namna ya kumjua fundi ni kumwuliza swali moja. Usimwulize kama aweza kuifunga injini ya V. Kila mtu atasema aweza. Mwulize ataanza na nini. Akianza kueleza habari za breki, rejeta na springi pasipo kuongozwa, mpeni kazi. Akianza na sauti ya ekzosi, mpeni chai, mmshukuru, na mtafute mwingine, awe Mkongo au Mmalawi.

Lakini lipo jambo zito kuliko ufundi. Sheria ya wakimbizi ya Malawi ya mwaka 1989, na masharti ambayo nchi hiyo iliweka ilipokubali mkataba wa kimataifa wa 1951, vimeishikiza serikali katika msimamo kwamba wakimbizi wakae kambini. Kwa miaka mingi wengi waliishi na kufanya biashara mijini bila kusumbuliwa. Machi 2023 serikali iliamuru warudi Dzaleka, na Mei mwaka huo polisi na askari wa jeshi waliwakusanya katika mitaa ya Lilongwe, maduka yao yakafungwa, na familia zikapelekwa kambini kwa magari. Bwana aliyevaa sare kwa miaka mingi anaelewa kwamba askari hutekeleza amri. Anaelewa pia, natumaini, kwamba fundi anayelala katika banda la nyuma ya nyumba yake mjini aweza kuondolewa alfajiri, injini ikiwa inaning'inia kwenye mnyororo.

Kwa hiyo kazi ifanyike Dzaleka, ambako fundi yuko kwake, ama fundi awe na kibali cha maandishi cha kutoka kambini kwa siku zinazojulikana. Gari lipelekwe huko likiwa linatembea, vipuri vyote vikiwa vimekwisha kununuliwa na kuhesabiwa, maana injini haitolewi kabla ya kipuri cha mwisho kufika. Na ujira wake ulipwe sawa na wa fundi yeyote wa mjini. Tumesikia hesabu za watu wanaosema, “Huyu wa kambini atachukua nusu, ataenda kushtaki wapi?” Hesabu hiyo haifai katika nyumba ya askari polisi. Mtu asiye na pa kushtaki hafanyi kazi mbaya kwa makusudi, lakini mwenye njaa hufupisha kazi, na kazi inayofupishwa katika gari hili ni ile isiyoonekana: boliti isiyokazwa, bomba la breki lililokunjwa badala ya kubadilishwa.

Siku ya kutoa injini watoto wasiwepo. Injini ya V ina uzito wa kilo 260 hivi, nasi tumeona watu wakiitundika kwenye tawi la mwembe kwa kamba ya kuvutia gari. Winchi ya mnyororo ikodiwe, itundikwe kwenye nguzo tatu za chuma zilizofungwa juu, wala mtu asiingize mkono wala kichwa chini ya kitu kinachoning'inia, hata kama ni kwa dakika moja ya kuokota spana.

Bwana, kwa kazi yake ya zamani, hahitaji somo letu juu ya karatasi. Ila tumeona waliokuwa wepesi wa kukagua vitabu vya wengine wakisahau vyao. Injini ina namba. Injini isiyo na hati ya mauzo yaweza kuwa ya wizi, na namba iliyosagwa kwa tupa ni ya wizi mpaka ithibitishwe vinginevyo. Hati ionyeshe jina la muuzaji, namba ya injini na gari ilikotoka. Kisha badiliko lipelekwe katika ofisi inayosajili magari, namba mpya na ukubwa mpya viandikwe, na gari likaguliwe upya kwa ajili ya cheti cha uzima wake. Bima ijulishwe kwa maandishi. Gari likigonga mtu likiwa na injini ambayo haimo katika kitabu, kampuni ya bima itakuwa na sababu ya kukataa kulipa, na kiinua mgongo kilichosalia kitafuata njia hiyo.

Kama ningekuwa mimi mwenye gari, ningefanya hivi. Ningemaliza breki na mipira ya mafuta mwaka huu. Kisha ningetafuta, badala ya V, silinda sita ya inchi 250, yaani lita 4.1, ambayo ni ndugu wa tumbo moja na ile iliyomo. Ilianza kutumika katika magari ya mwaka 1966, na Chevrolet nyingi za Afrika Kusini ziliendeshwa nayo, hata lita hizo 4.1 zikaingia katika jina la gari, 4100. Hukaa juu ya maunti zilezile, huishika nyumba ya klachi ileile, uzito wake hautofautiani kwa kitu cha kuhesabu, na springi hazina neno. Mvuto wake wa chini ni mwema kwa vilima vya Dowa na kwa gari lililojaa watu wa nyumbani. Ni injini kubwa kuliko ya marehemu, kwa hiyo bwana hatakuwa amerudi nyuma katika neno lake mbele ya wanawe. Akiisha kuizoea na bado moyo ukadai V, breki zitakuwa tayari zinaisubiri.

Injini ya zamani isiuzwe kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Ikitolewa, matundu yote ya plagi yatiwe kijiko cha mafuta, krenki izungushwe kwa mkono mara mbili, midomo ya hewa na ya moshi izibwe kwa vitambaa ili panya wasizalie ndani, na injini yote ifunikwe kwa turubai juu ya mbao, mahali pasipopitiwa na maji ya mvua. Namba yake ndiyo iliyoandikwa katika kitabu cha kwanza cha gari, chenye jina la marehemu. Kitabu hicho nacho kitunzwe pamoja nayo.